Nipeni Siku Yangu ya Kliniki

Ukitaka kujua watu wanakuonaje, kaa utie udhu kwenye birika la msikiti nawe una ngozi kama yangu. Napandisha mikono ya kanzu, na viwikoni pametanda magamba meupe, kama chumvi iliyokaukia ubavuni mwa dau. Aliye kando yangu hasemi neno. Anajisogeza tu, kama mtu aliyekumbuka kwamba upande wa pili maji ni baridi zaidi. Hapa Lamu mtu na punda hupishana vichochoroni kwa kubanana na ukuta, wala hakuna anayeona taabu. Kwa hiyo mtu akikukwepa, unajua amekusudia.

Ugonjwa wenyewe ni soriasisi. Si ukoma, si choa, wala si upele, na hauambukizi hata tukilala mkeka mmoja. Kinga ya mwili ndiyo imechanganyikiwa: inaichochea ngozi ijifanyize upya kwa siku chache, kazi ambayo kwa kawaida huchukua karibu mwezi mzima. Ngozi ya zamani haijawahi kudondoka, mpya imeshaisukuma. Kinyozi wangu nilimweleza hivi hivi. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Ami, mimi nakuamini. Lakini wateja?" Siku hizi nanyolewa nyumbani.

Sasa nije kwenye dukuduku langu. Mke wangu ana sukari. Ana siku yake ya kliniki, ana daftari lake lililovikwa gazeti, anapimwa uzito, anapimwa presha, anakaripiwa kwa halua aliyokula harusini, anapewa tarehe ya kurudi. Mimi nina miaka 11 na maradhi ambayo, kama yake, hayaponi bali hutunzwa, na sina hata karatasi. Nina mirija ya dawa ya kupaka. Nikizidiwa naenda, naangaliwa kwa mbali, naandikiwa mrija mwingine, basi. Mara moja, kwenye zahanati nisiyoitaja, nilidungwa sindano ya steroidi, dawa ya kuituliza kinga ya mwili. Wiki mbili nikawa kama bwana harusi, ngozi inang'aa. Nguvu yake ilipokwisha, magamba yalirudi na jeshi: mgongo, mapaja, kichwa chote. Wataalamu wa ngozi wanalijua vizuri jambo hilo, kwamba steroidi ya sindano au ya vidonge ikishatoka mwilini soriasisi inaweza kulipuka vibaya kuliko mwanzo. Aliyenidunga hakunipa tarehe ya kurudi, kwa hiyo mpaka leo hajui alichokifanya.

Na si kwamba dunia haijui. Mei 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuitambua soriasisi kuwa maradhi ya kudumu yasiyoambukiza. Tafiti za miaka mingi zimeonyesha kwamba mwenye soriasisi, hasa ile kali, yumo katika hatari zaidi ya kupata sukari, presha na maradhi ya moyo, na baadhi yetu huvimba vidole hadi kufunga ndoana ni kazi. Moto unaowaka kiwikoni unafukuta na ndani. Sasa niambie, mtu kama huyo unampa mrija halafu unampungia mkono?

Mwezi uliopita nilimsindikiza mke wangu kliniki. Foleni ilikuwa fupi, nami nikakaa kitini pake nikanyoosha mkono. Nesi akacheka: "Na wewe baba una sukari?" Nikamwambia sina ninachokijua, nipime tu. Presha ikasoma 162 kwa 98. Akarudia. 158 kwa 96. Miaka 11 ya kupakwa na kudungwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunifunga kile kitambaa mkononi! Daktari alikuwa ameshaanza kuandika atenolol, dawa ya presha, akaona kiwiko changu, akasimamisha kalamu. Dawa za jamii hiyo zinaweza kuichochea soriasisi. Akaandika amlodipini, ya presha pia lakini ya jamii nyingine. Kiwiko na presha vilikutana chumba kimoja kwa mara ya kwanza, na vilikutana kwa sababu ya foleni fupi.

Watu huniambia tungoje dawa mpya. Nami nazisoma habari zake. Zipo sindano zinazozima protini moja moja za kinga, na zinafanya maajabu, kwa bei ya kuuza nyumba. Lakini hebu tazama zinavyopimwa. Kipimo kinachotumika sana katika majaribio huitwa PASI, kilitungwa 1978. Mpimaji hutazama unene, magamba na wekundu, akakadiria na eneo lililoathirika, akapata alama kati ya 0 na 72. Mara nyingi huingizwi kwenye jaribio la dawa hizo mpaka ufikishe 12. Wekundu! Ngozi yangu ikiwaka haiwi nyekundu. Inakuwa zambarau iliyofifia, au kijivu, au nyeusi kuliko nyeusi yake ya kawaida. Jicho lililofunzwa kwa wagonjwa weupe litanipa alama ndogo, liniambie ugonjwa wangu ni mwepesi, nikae nje. Majaribio mengi makubwa yamejaa weupe hasa, na juzijuzi tu ndipo dawa moja, guselkumabu, ikafanyiwa jaribio la watu wasio weupe peke yao.

(Kichekesho ni hiki: kuna watu wanaosafiri hadi Bahari ya Chumvi kuoga maji na kuota jua kwa ajili ya soriasisi, na kwa wengi huwasaidia, mradi wasiungue. Sisi tuna bahari na jua bure, na mgonjwa wetu anajifunika gubigubi kwa haya.)

Si kwamba utafiti ni kitu kigeni Pwani. Kilifi pale, KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na Wellcome, wafadhili wa utafiti kutoka Uingereza, wapo tangu 1989, na chanjo za malaria zimejaribiwa huko. Wakija kuuliza habari za ngozi nitakubali, nikishaelezwa damu yangu inakwenda wapi. Lakini watatupata vipi? Wenye sukari wamo madaftarini. Sisi tumetawanyika kwenye maduka ya dawa, kila mtu na mrija wake.

Hata dawa ya zamani inakwama hapo hapo. Methotreksati imetumika kwa soriasisi tangu miaka ya 1950 na si ghali. Ila humezwa mara moja kwa wiki, na damu na ini lazima vipimwe kila baada ya muda. Anayekosea akaimeza kila siku anaweza kufa. Daktari gani mwenye akili atamwandikia dawa hiyo mtu asiye na tarehe ya kurudi? Sidai jengo wala mashine. Nadai Jumatano moja ya mwezi, nesi aliyefunzwa kuiangalia ngozi nyeusi, na kabati la madaftari.

Langu nimeshalipata, nimelivika gazeti kama la mke wangu. Nesi ameandika juu yake PRESHA, kwa sababu kliniki ya ngozi haipo. Nilipofika nyumbani nikaongeza kwa kalamu yangu, kwa herufi ndogo: na ngozi.