Maua ya vyungu hayasafishi hewa ya sebule

Kuna makala nimesoma inashauri tujaze maua ya vyungu sebuleni yanyonye fomaldehaidi na benzini, gesi zenye madhara kwa afya. Chanzo chake ni utafiti wa NASA (shirika la anga za juu la Marekani) wa 1989, ila mwandishi hakutaja kwamba mimea ile ilifungiwa kwenye visanduku visivyopitisha hewa. Nani anaishi humo? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia majaribio ya aina hiyo wakakadiria kwamba ungehitaji mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita ya mraba ili ifikie kazi ya hewa inayopita tu ndani ya jengo. Sasa kochi utaliweka wapi?

Mimi ni fundi makabati, Dar. Ukipitisha msumeno kwenye MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) macho yanawasha, koo linakauka. Ni ile gundi, ndiyo inayotoa fomaldehaidi. Kabati jipya hutoa gesi zaidi kwenye kingo zilizokatwa zikaachwa wazi, na joto letu na unyevu ndiyo vinazidisha. Mbane fundi azibe kingo zote, hata za nyuma zinazotazama ukuta (wengi wetu hapo tunaruka, tusidanganyane). Kisha fungua madirisha ya pande mbili, na milango ya kabati uiache wazi wiki za mwanzo.

Mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio cha HEPA (cha nyuzi laini sana) inakamata vumbi, gesi inapita. Kaboni (mkaa maalumu wa kunyonya gesi) inasaidia, lakini ile ya kawaida huikamata fomaldehaidi kwa shida, na ikijaa lazima ibadilishwe.

Jiko la mkaa? Litoeni nje, hakuna kichujio cha nyumbani kitakachowaokoa na gesi yake ya sumu.