St. Paul si kiunga cha Minneapolis, na Ruiru si kitanda cha Nairobi

Mwite mtu wa St. Paul "wa Minneapolis" uone atakavyokukata jicho. Wengi wetu Wakenya tukifika Minnesota, jimbo la Marekani lenye majiji haya mawili yanayopakana, tunakosea hapo hapo, kwa kuwa ukiongea na watu wa nyumbani ni rahisi kutaja jiji moja tu. St. Paul ndiyo makao makuu ya jimbo, tena yalikuwa huko tangu 1849, kabla jina la Minneapolis halijatungwa. Sensa ya 1880 ikaonyesha mdogo amempita mkubwa kwa watu, na toka siku hiyo St. Paul haitaki kusikia neno "kiunga". Sensa ya 2020 ilihesabu watu 429,954 upande wa Minneapolis na 311,527 upande wa St. Paul.

Msidhani wizi wa hesabu ni wetu peke yetu. Mwaka 1890 miji yote miwili ilijaza madaftari ya sensa kwa majina ya wafu na ya watu wasiokuwepo. Makarani wakakamatwa, hesabu ikarudiwa, na idadi za miji yote miwili zikashuka. Mwaka 1965 wakaligombania hata jua: St. Paul ilisogeza saa mbele kwa majira ya joto wiki mbili kabla ya Minneapolis, ukivuka daraja saa inabadilika. Timu ya besiboli ilipoletwa mwaka 1961 ilipewa jina la jimbo, Minnesota Twins, na ikachezea Bloomington, kiungani, ili hakuna jiji litakalojigamba.

Ushindani wa leo unauma mfukoni, hasa theluji ikianguka. Minneapolis ikitangaza dharura ya theluji ili barabara zizolewe, siku ya kwanza kuanzia saa tatu usiku usiegeshe upande wowote wa barabara kuu zilizowekewa alama. Siku ya pili, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, mitaa mingine inaachwa wazi upande wa nyumba zenye namba shufwa. Siku ya tatu upande wa namba witiri. Utaratibu ambao St. Paul imeuzoea ni mwingine: kwanza njia zinazozolewa usiku, saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kisha zinazozolewa mchana, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kuna mahali mpaka wa majiji haya ni mtaa tu, hakuna mto. Anayelala upande mmoja na kuegesha upande wa pili kwa kanuni za kwao huamka gari limeshavutwa, alipe faini, gharama ya kulivuta na ya kulihifadhi. Soma kibao cha mtaa ulioegesha, si wa nyumbani kwako.

Ila kuna jambo moja ninalowasifu nalo. Tangu sheria ya 1971, kaunti saba za eneo hili huweka chungu kimoja cha kodi ya majengo. Thamani ya majengo ya biashara na viwanda ya kila mji hulinganishwa na ile ya 1971. Asilimia 40 ya ongezeko huingia kwenye chungu, kisha hugawiwa kwa kuangalia idadi ya watu na uwezo wa kila mji. Nyumba za kuishi hazimo. Mji mmoja wa kiungani ulipinga mahakamani ukashindwa, na mgawo ukaanza 1975. Ndiyo maana Bloomington, yenye jumba kubwa la maduka pale ulipokuwa uwanja wa besiboli, haili peke yake.

Sasa tazama kwetu Kenya. Sensa ya 2019 iliipa Ruiru, mji wa Kaunti ya Kiambu jirani na Nairobi, watu 490,120, Eldoret 475,716, Kisumu 397,957. Sheria inataka watu 250,000 ili mji uwe jiji. Nakuru ilipata hati ya jiji Desemba 2021, Eldoret Agosti 2024, na mabishano ya nani mkubwa Bonde la Ufa hayajapoa. Ruiru bado inaitwa "huko Thika Road". Watu si kigezo pekee, lazima kuwe na mpango wa maendeleo na uwezo wa kukusanya mapato. Kisha kamati, bunge la kaunti, Seneti, na mwisho sahihi ya Rais.

Lakini hata ikipewa hati kesho, mkazi wa Ruiru anayeshinda kazini Industrial Area bado ataacha kodi ya ardhi ya mwajiri wake Nairobi na kurudisha taka, watoto wa shule na maji machafu Kiambu. Mimi ningeacha hati kwanza, nidai chungu. Kigingi ni daftari la thamani ya viwanja: kugawana ongezeko kunahitaji kujua thamani ya mwaka wa kuanzia, nayo Nairobi ilitoza kodi ya ardhi kwa karibu miaka arobaini kwa thamani za mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiwanja cha Upper Hill chenye ghorofa ishirini kilihesabiwa kama bado ni shamba la bangaloo.