Ngumi Moja ni Mechi Ngapi?

Juzi usiku mtu mmoja alitupia picha kwenye kundi letu la WhatsApp la soka. Safu mbili. Kushoto wachezaji waliofungiwa kwa kubeti, kulia waliofungiwa kwa kupiga watu, na chini yake neno moja jekundu: LINGANISHA. Nilipoamka nilikuta meseji zaidi ya mia mbili. Nusu ya kundi inalia kwamba wa kushoto kaonewa, nusu nyingine inafoka kwamba wa kulia kabebwa, halafu wote wakakubaliana kwamba dawa ni kubadilishana namba. Huyu apewe miezi ya yule, yule apewe mechi za huyu, haki itakuwa imetendeka, tuendelee na usajili.

Nimekaa na hasira siku mbili. Sina ugomvi na namba zao. Kinachonikera ni kwamba katika meseji zote zile hakuna hata mmoja aliyeuliza: hivi nani alituambia ngumi inahesabiwa kwa mechi?

Tuuchukue mfano ambao kila mtu huukimbilia. Februari 2014, ndani ya lifti huko Atlantic City, Ray Rice, mchezaji wa Baltimore Ravens kwenye NFL (ligi ya futiboli ya Marekani), alimpiga mchumba wake ngumi, akazimia. Video ya kwanza, ile ya Rice akimburuta kutoka kwenye lifti, ilivuja mwezi huohuo na dunia nzima ikaiona. Mwezi Mei, wakiwa wameshafunga ndoa, yule mwanamke akakalishwa mbele ya waandishi pembeni ya mumewe, na akaunti rasmi ya klabu ikautangazia umma kwamba mama huyo anajutia sana mchango wake katika tukio la usiku ule. Naomba uirudie hiyo sentensi polepole. Aliyezimia ndiye anayejuta.

Julai, NFL ikatoa hukumu: kufungiwa mechi 2. Septemba ikavuja video ya pili, ya ndani ya lifti, ngumi yenyewe ikionekana. Siku hiyohiyo Ravens wakamtema na ligi ikamfungia bila kikomo. Novemba msuluhishi akaifuta adhabu hiyo ya pili kwa sababu iliyo wazi kabisa: mtu haadhibiwi mara mbili kwa kosa lilelile. Rice hakucheza tena mechi ya NFL.

Sasa niambieni, kati ya Februari na Septemba kilibadilika nini? Mwanamke ni yuleyule, ngumi ni ileile. Walipomwona anaburutwa hana fahamu walidhani amesinzia? Kilichoongezeka ni pembe moja ya kamera. Ligi ilipima aibu yake yenyewe, ikakuta ya Julai ilikuwa ya mechi 2 na ya Septemba haina kipimo.

Halafu Januari 2015, kwenye ligi hiyohiyo, likaja sakata la mipira ya New England Patriots. Mipira ilikutwa na upepo pungufu, hivyo rahisi kushikika, na Tom Brady, mrushaji wao nyota, akafungiwa mechi 4. (Kwa taarifa yenu, kwenye mechi yenyewe dhidi ya Colts, Patriots walikuwa wanaongoza 17–7 mapumziko. Mipira ikajazwa upepo vizuri, wakaongeza pointi 28 bila jibu. Na msimu alioitumikia adhabu, baada ya kupelekana mahakamani hadi 2016, wakabeba ubingwa.) Basi kukazaliwa utani ambao nimeucheka miaka mingi: upepo wa mpira una uzito mara mbili ya ngumi.

Siku hizi siucheki sana. Ule utani ulitupotosha, kwa sababu jibu lake ni "ongezeni mechi za ngumi". Na ligi ilikuwa imeshaongeza! Agosti 2014, hata kabla ya video ya pili, mkuu wa NFL Roger Goodell alikiri kwamba alikosea, akatangaza kiwango kipya: anayefanya ukatili wa nyumbani kwa mara ya kwanza, mechi 6. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Ilinichukua muda kuelewa kwamba tulichokuwa tunakishangilia ni kupanda kwa bei.

Maana mechi ni sarafu ya ndani ya mchezo. Ukiiba ndani ya mchezo, ukilipa kwa mechi naelewa, deni na malipo ni vya nyumba moja. Lakini aliyepigwa nyumbani haidai ligi mechi. Mumewe akikosa mechi 6, yeye anapata nini? Anapata mwanamume aliyenuna, yuko nyumbani kutwa nzima, mshahara umekatwa, na mitandaoni mashabiki wanamtukana yeye kwa kuwapotezea mshambuliaji. Hiyo ndiyo haki tuliyompelekea mlangoni. Timu inalipa, mashabiki wanalipa, kocha analipa, na pengine yeye ndiye anayelipa kuliko wote. Anayedai hajapewa hata shilingi ya deni lake.

Ubaya mwingine ni kwamba mechi zinaisha. Namba ikifika sifuri kuna sentensi moja inayotolewa kabatini: "Ameshatumikia adhabu yake." Ukishaambiwa hivyo unatakiwa ufunge mdomo.

Hilo nalijua kwa sababu nimelitenda. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa timu ndogo, zile timu ambazo jezi zinafuliwa kwa zamu. Kipa wetu alikuwa hodari hasa, mikono kama makoleo. Siku moja zikaja habari, kisha zikathibitika, kwamba amempiga mkewe. Tukaitisha kikao. Tulijadili kwa uchungu na kwa maneno mazito, mzee mmoja alizungumzia heshima ya klabu karibu nusu saa, mwisho tukaamua: mechi 1 nje, na asikabidhiwe kitambaa cha unahodha hadi mwisho wa msimu. Mimi ndiye niliyeandika barua. Niliiandika vizuri, na tarehe, na mhuri.

Tulishinda mechi ile bila yeye. Alikaa benchi amevaa glovu muda wote, sijui za nini, akizifungua na kuzifunga ule mkanda wa kwenye kifundo. Krr, krr. Wiki iliyofuata mkewe alikuja uwanjani na mtoto, akasimama mbali, karibu na nguzo ya goli la mazoezi, kajitanda mtandio hadi karibu na macho. Mmoja wetu akamfuata kwa nia njema kabisa, akamwambia: "Shemeji, usiwe na wasiwasi, tumeshamwadhibu." Mwanamke akaitikia kwa kichwa. Sikuwahi kuona mtu akiitikia vile, kama anayepokea risiti ya kitu ambacho hakununua.

Hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini. Halikuwemo hata kwenye ajenda, na ajenda niliiandika mimi.

Kwa hiyo ndugu zangu wa safu mbili, mimi kwenye safu ya kulia nataka namba zifutwe kabisa. Mchezaji akishtakiwa kwa kumdhuru mtu, akae pembeni wakati shauri linaangaliwa, na anayeamua akae pembeni kwa muda gani asiwe mtu ambaye Jumamosi anahitaji magoli yake. Aliyedhurika asikilizwe peke yake, bila ofisa wa klabu chumbani na bila mume pembeni. Na kurudi kusiwe na tarehe, kuwe na masharti: amri za mahakama zimetiiwa, matibabu ya hasira au ulevi yamefanyika kwa kweli, anayestahili kulipwa amelipwa, na mwaka mmoja baadaye kuna mtu anayejibika kuuliza hali ikoje pale nyumbani. Anayetimiza anarudi, hata kama ni mapema kuliko mnavyopenda. Asiyetimiza harudi, hata kama fainali ni kesho. Na yapo makosa ambayo masharti yake hayatimiziki, hayo sina la kujadili.

Mtaniambia mahakama zipo, ligi si polisi. Kweli, ligi si polisi. Ila ligi ni mwajiri, na hakuna mwajiri mwenye akili anayesubiri hukumu ya rufaa ndipo amwondoe mfanyakazi mbele ya wateja. Mtaniambia pia kuna wanaosingiziwa. Wapo. Ndiyo maana nataka chombo huru kinachosikiliza pande zote badala ya bosi mmoja anayesubiri kuona video imesambaa kiasi gani.

Safu ya kushoto sasa, na hapa nitawaudhi wengine. Wezi wa mchezo wapigwe kwa namba, na kwa ukali. Hakimu wa mahakama ya kawaida hana habari na ishara ambazo mpokeaji wa besiboli humpa mrushaji wake wala na mwamuzi aliyechaguliwa kwa simu. Ligi isipomhukumu mdanganyifu, kwa makosa mengi hakuna mwingine atakayemhukumu. Na adhabu ya wizi ianze na kurudisha mali. Juventus mwaka 2006, kwa sakata la viongozi wao kujipangia waamuzi, walipokwa mataji 2 wakashushwa Serie B, daraja la pili la Italia, ukubwa wao haukuwasaidia. Lance Armstrong, mwendesha baiskeli, alifutiwa ushindi wake wote 7 wa Tour de France kwa kutumia dawa. Hiyo naielewa. Lakini Houston Astros, timu ya besiboli ya Marekani, walikutwa wameiba ishara za wapinzani kwa kamera msimu wa 2017 na kupigapiga pipa la taka kumjulisha mpigaji aina ya mpira unaokuja. Pipa la taka! Wakatozwa dola milioni 5, wakanyimwa nafasi za kuchagua wachezaji chipukizi, meneja na meneja mkuu wakafungiwa mwaka. Wachezaji, ambao ndio waliokuwa na magongo mikononi, hawakufungiwa hata mechi moja kwa sababu walihakikishiwa kinga ili waseme ukweli. Ubingwa wa 2017 wakaachiwa. Yaani umenikamata na ng'ombe wako zizini mwangu, umenitoza faini, halafu ng'ombe umeniachia.

Kwenye kubeti nakubali, kwa shingo upande. Ivan Toney, wakati huo mshambuliaji wa Brentford ya England, alifungiwa miezi 8 mwaka 2023 kwa makosa 232 ya kubashiri, na ligi ina haki ya kuwa kali, kwa sababu mechi ambayo watu wanaishuku si mechi tena. Ila jopo lilisoma ripoti ya daktari kwamba kijana ni mraibu, na kijana huyo kila wiki alikuwa anaingia uwanjani na jina la kampuni ya kubashiri limechapwa kifuani. Ningeelewa zaidi kama na jezi ingefungiwa miezi 8.

Luis Suárez, enzi zake Liverpool, kwa haraka tu: FA, chama cha soka cha England, ilimpa mechi 8 kwa maneno ya kibaguzi dhidi ya Patrice Evra, na mechi 10 kwa kumng'ata Branislav Ivanović. Mwenye kujua hiyo hesabu ilifanywaje anieleze.

Kuna jambo lilinijia nikisoma zile meseji, na nashindwa kulitoa kichwani. Wanariadha wa ngazi ya juu walio kwenye orodha ya kupimwa dawa wanatakiwa kueleza watalala wapi kila usiku, na kutaja dakika 60 za kila siku ambazo mpimaji akigonga mlango atawakuta. Ukikosekana mara 3 ndani ya miezi 12 ni kosa, kama vile umekutwa na dawa. Mfumo mzuri, nauunga mkono. Septemba 2021 Agnes Tirop, mwanariadha wa Kenya, aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee, dakika 30 na sekunde 1. Mwezi uliofuata alikutwa amechomwa visu nyumbani kwake Iten, na mumewe akashtakiwa kwa mauaji, akakana. Mchezo umejifunza kujua mwanariadha amelala nyumba gani usiku wa leo, ili tu ujue ana nini kwenye mkojo. Swali la kama katika nyumba hiyo yuko salama, fomu haina nafasi yake.

Kwa hiyo msiniambie haiwezekani kufuatilia maisha ya mchezaji nje ya uwanja. Inawezekana. Tunafanya kila siku, tena alfajiri, kwa chupa na saini, pale tunapoona medali iko hatarini.

Nirudi kwa kipa wetu. Msimu ulipoisha alitakiwa na timu kubwa kuliko yetu, na kiongozi wao akanipigia simu, mimi katibu, kuulizia nidhamu yake. Nilikuwa nimeshika daftari la timu, nikafungua ukurasa wake. Kadi za njano 2. Kuchelewa mazoezi, hakuna. Ile mechi 1 ilikuwa imepigwa alama ya vema pembeni, kwa mwandiko wangu, kuonyesha kwamba imeshatumikiwa. Nikamwambia kijana ni safi, hana kadi nyekundu hata moja.