Afadhali Kwa Miguu Hadi Beaufort

Kila anapotajwa Robert Smalls, watu hukumbuka kofia. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, akiwa mtumwa wa miaka 23 anayeshika usukani wa Planter, meli ya mvuke ya jeshi la Kusini mwa Marekani katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, alivaa kofia ya majani ya nahodha wake mzungu, akapita mbele ya mizinga ya Fort Sumter, ngome ya Kusini kwenye bandari ya Charleston, huku akipuliza honi kwa ishara iliyotakiwa, kisha akapandisha shuka jeupe na kuikabidhi meli kwa wanamaji wa Kaskazini. Watu 16 waliokuwa melini, yeye na familia yake wakiwemo, wakapata uhuru.

Kisa ni kitamu, sikatai. Ila kwangu mimi, Smalls mkubwa ni yule wa mwaka 1895, mzee wa miaka 56 asiye na meli wala kofia. Kati ya nyakati hizo mbili alikuwa ameketi katika Bunge la Marekani kwa vipindi vitano, na kashfa sitaifunika: mwaka 1877 alitiwa hatiani kwa rushwa ya dola 5,000, wapinzani wake wakiwa wameshika jimbo lake la South Carolina, kisha akasamehewa.

Mwaka huo wa 1895, Ben Tillman, mwanasiasa mzungu wa jimbo hilo, aliitisha mkutano wa katiba mjini Columbia ili kuwanyang'anya weusi wa South Carolina kura zao. Mpiga kura angetakiwa ajue kusoma na kuandika, au awe na mali ya dola 300. Kati ya wajumbe 160, weusi walikuwa sita tu, Smalls akiwemo. Wazungu walipoleta kifungu cha kukataza ndoa kati ya weupe na weusi, Smalls, aliyejua vyema yaliyokuwa yakitendeka gizani, alipendekeza kwamba mzungu atakayebainika kuishi kinyumba na mwanamke mweusi asishike wadhifa wowote wa umma, na mtoto wao abebe jina la baba na kumrithi. Pendekezo halikupita, lakini nani ukumbini hakujua linamhusu nani?

Mwishoni aliambiwa kuwa asiyetia sahihi hatapata posho wala nauli. Alijibu kwamba afadhali arudi kwao Beaufort kwa miguu. Katiba ilipitishwa bila sahihi yake, na pamoja na kurekebishwa mara nyingi, ndiyo inayotumika South Carolina hadi leo.