HSA au FSA: Akiba ya Matibabu Isiyotozwa Kodi Humfaa Nani?

Msimu wa kuchagua bima ya kazini unapofika Marekani, mfanyakazi hutakiwa kuamua kama atatenga sehemu ya mshahara wake, kabla haujakatwa kodi, kwa ajili ya matibabu. Akaunti zinazopambanishwa zaidi ni HSA, yaani akiba ya afya iliyoanza mwaka 2004, na FSA, ambayo ni fungu la matumizi ya mwaka husika linalosimamiwa na mwajiri. Kwa kawaida mtu hawezi kuwa nazo zote mbili kwa ukamilifu. Washauri wengi wa fedha huisifu HSA, nami naona sifa hizo ni za kweli, ila zinamhusu zaidi mtu ambaye tayari ana akiba.

Fedha za HSA huingia bila kodi ya serikali kuu, faida ya uwekezaji wake haitozwi, na zikilipia tiba hazitozwi pia, ingawa California na New Jersey hudai kodi ya jimbo. Salio halipotei, na anayeacha kazi huondoka nalo. Mwaka 2025 mtu mmoja aliruhusiwa kuweka hadi dola 4,300, na familia dola 8,550. Tena, anayelipia tiba ya leo kwa fedha nyingine na kutunza risiti anaweza kujirudishia hata baada ya miaka 10, mradi akaunti ilikuwa imekwishafunguliwa kabla ya tiba hiyo.

Sharti lake ndilo zito. Ni lazima mtu awe na bima ambayo, ukiacha huduma za kinga, haianzi kulipa mpaka yeye mwenyewe ametumia angalau dola 1,650, au 3,300 kwa familia, kwa viwango vya 2025. Mwenye mtoto anayeugua pumu huweka fedha mwezi huu na kuzitoa mwezi huuhuu, kwa hiyo hakuna kinachobaki cha kukua. HSA pia hutoa tu kile kilichokwishawekwa, ilhali anayeahidi kuchangia dola 2,400 katika FSA anaweza kuzitumia zote Januari akiwa amekatwa 200 tu, na akiacha kazi Machi mwajiri hawezi kumdai zilizosalia.

Ubaya wa FSA unajulikana: kisichotumika hupotea. Mwajiri akipenda, anaweza kuruhusu salio dogo livuke mwaka (hadi dola 660 kutoka 2025 kwenda 2026) au kuongeza muda wa miezi miwili na nusu, lakini si vyote viwili. Ndiyo maana Desemba watu hukimbilia miwani.

Kwa mhamiaji kutoka Tanzania au Kenya kuna jambo ambalo halisemwi sana. HSA hulipia tiba ya mwenye akaunti, mwenzi wake na wategemezi wanaotambuliwa na sheria ya kodi. Mama aliyelazwa Dar es Salaam, asiye raia wa Marekani wala mkazi wa nchi hiyo, Kanada au Mexico, hayumo. Mwanawe akizitoa fedha hizo kwa ajili yake kabla ya kutimiza miaka 65, atalipa kodi ya mapato pamoja na adhabu ya asilimia 20. Mtu wa namna hiyo, ambaye simu ya usiku kutoka nyumbani huweza kumtaka atume dola 1,000 kesho yake, ningemshauri achukue bima ya kawaida, aweke FSA ya kiasi anachojua atakimaliza kwa meno na dawa za watoto, na akiba nyingine aiache benki, mahali anapoweza kuichukua bila kuulizwa risiti.