Nipimeni Nikishuka

Kila ninapokutana na waendesha pikipiki wenzangu, mazungumzo ya milima huanza na kupanda. Huyu anasimulia jinsi alivyopanda barabara ya mlima ya Stelvio bila kupumzika, yule alizipiga kona zote za barabara ya Grossglockner huko Austria bila kuweka mguu chini, mwingine anatoa simu na kuonyesha picha yake akiwa kileleni kando ya kibao cha kimo cha mlima. Nawasikiliza kwa furaha, maana na mimi milima imeniingia damuni. Lakini sijawahi kumsikia mtu akianza hadithi yake hivi: siku ile nilishuka vizuri. Mpanda ngazi hushuka, na kwa maoni yangu huko kwenye kushuka ndiko uendeshaji wenyewe uliko. Anayetaka kujua kama naijua barabara ya mlima, aje anipime nikishuka.

Ukiwa unapanda, mlima unakusaidia. Ukiachia mafuta, pikipiki inapungua mwendo hapo hapo; ukiingia kona vibaya kidogo, mlima unakurudisha kwenye adabu kabla kosa halijawa kubwa. Uzito unalalia tairi la nyuma, nalo linaing'ata lami. Macho yanatazama juu, na barabara iko mbele ya uso wako. Ukishuka, kila kitu kinageuka. Unaachia mafuta na bado mwendo unaongezeka. Uzito wa pikipiki, wa mizigo na wa mwili wako unahamia tairi la mbele, lile lile unalolitaka likate kona na lipokee breki kwa wakati mmoja. Na macho yanavutwa bondeni, mahali pasipo na barabara.

Stelvio ndiyo iliyonifundisha haya. Iko kaskazini mwa Italia, karibu na mpaka wa Uswisi, na kilele chake kiko mita 2,757 juu ya usawa wa bahari. Upande wa kuteremkia kijiji cha Prato una kona 48 zinazojikunja mpaka pikipiki inatazama ilikotoka, kila moja na namba yake kwenye kibao. Mara yangu ya kwanza nilipandia upande wa pili, ule wa mji wa Bormio. Nilifika juu nimejaa raha ya mtu aliyefaulu mtihani, nikanywa maji, nikapiga picha, nikaanza kuteremkia Prato nikiwa gia ya tatu.

Gia ya tatu ndiyo iliyoniponza. Injini ilikuwa inazunguka polepole mno kuweza kuzuia chochote, kwa hiyo mguu wangu ukahamia kwenye breki ya nyuma na ukabaki huko. Kona ishirini za mwanzo nilijiona nimeiva. Kisha ikaja harufu, kama ya nywele na mpira vinavyoungua pamoja. Nikadhani ni gari lililonitangulia. Kona mbili mbele nikakanyaga breki ya mguu, na pedeli ikazama yote bila kukutana na kitu, kama unavyokanyaga gizani ngazi ambayo haipo. Nikaikamata breki ya mbele, pikipiki ikainamisha pua, nikaimaliza kona ile kwenye upande wa wenzangu wanaopanda. Kwa rehema za Mungu hapakuwa na mtu.

Nilisimama penye nafasi ya kwanza niliyoiona, kando ya ukuta mfupi wa mawe, chini kidogo ya pale miti inapoanza. Diski ya nyuma ilikuwa imebadilika rangi, bluu kwa ndani na zambarau pembezoni. Nikadondoshea tone la maji kutoka kwenye chupa. Likachemka na kupotea kabla sijairudisha chupa. Magoti yalikuwa yanatetemeka. Nikakaa ukutani.

Nilikaa karibu saa nzima nikisubiri vyuma vipoe, na saa ile naihesabu kuwa darasa bora nililowahi kuhudhuria. Kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, nikaanza kuwasikiliza wanaoshuka. Ukikaa kwenye kona muda mrefu, unaweza kufumba macho na kumjua mwendeshaji kwa sauti tu. Kuna yule ambaye injini yake iko kimya mpaka anafika konani, halafu breki zinalia, kimya tena, halafu mafuta yanapigwa kwa nguvu hadi kona inayofuata. Na kuna mwingine, ambaye injini yake inaunguruma kwa sauti moja nzito tangu kona ya juu, haipandi wala haishuki, mpaka anapita mbele yako na kupotea. Wa namna hiyo walikuwa wachache. Nilipofumbua macho kuwatazama, niliona taa zao za breki zikiwaka kwa muda mfupi tu, kabla ya kona, pikipiki ikiwa bado wima. Walikuwa gia ya pili, na penye kona kali zaidi gia ya kwanza. Madereva wa zamani wana kauli yao kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na mimi nilikuwa nimeisikia mara nyingi bila kuipa uzito.

Hebu tupige hesabu ndogo. Chukua pikipiki, mwendeshaji na mizigo yake, jumla kilo 300. Kutoka kileleni hadi Prato unateremka zaidi ya mita 1,800. Nguvu inayotoka kwenye uzito huo unaposhuka kiasi hicho, ikigeuka yote kuwa joto, inatosha kuchemsha kama lita 15 za maji. Joto hilo lazima liende mahali. Upepo unabeba sehemu yake na injini, ukiipa gia ya chini, inabeba sehemu kubwa. Lile linalobaki linaingia kwenye diski na pedi za breki, na likizidi linafika kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za selisiasi. Tabu ni kwamba yananyonya unyevu wa hewa kadiri siku zinavyopita, na yakishanyonya, kiwango kinachodaiwa kwao kinashuka hadi nyuzi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga pedeli na nguvu yote inaishia kuubonyeza mvuke. Yangu yalikuwa na miaka mitatu. Ndiyo maana leo, kabla ya safari ya milimani, mafuta ya breki nayabadilisha hata kama fundi ananiambia bado yanafaa.

Kuna hesabu nyingine ninayopenda kuwaonyesha vijana wanaoniambia kwamba wao hawakimbii, wanaongeza kidogo tu. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 30, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, unahitaji kuilaza pikipiki kama nyuzi 33. Watu wengi wanaliweza hilo bila hofu. Kwa kilomita 60 unahitaji nyuzi 43. Hapo pikipiki nyingi za safari zimeshaanza kukwangua lami kwa vikanyagio, na tairi la kawaida limebakiwa na kidogo sana cha kukupa. Tofauti ni kilomita 10 tu kwa saa, na ukiwa unashuka si lazima uziongeze wewe. Mlima unaziongeza wenyewe kati ya kona moja na nyingine, wakati unatazama mandhari.

Halafu kuna kichwa. Hili nililiona vizuri sana kutoka ukutani, na bado linanitia baridi. Nchi wanazoendesha upande wa kulia, kama Italia, mtu akilaza pikipiki kwenye kona ya kushoto, matairi yake yanaweza kuwa ndani kabisa ya upande wake huku kichwa na bega vimeshavuka mstari wa katikati. Mwenyewe anajua yuko salama kwa sababu anaangalia matairi yake yako wapi. Basi linalopanda halijui hivyo. Na basi kwenye kona za Stelvio linachukua barabara yote, halina namna nyingine ya kugeuka. Dawa yake ni kuingia kona ukiwa umechelewa: unabaki nje, karibu na ukingo wako, unasubiri mpaka uone kona inafunguka, ndipo unalaza. Macho yanatangulia kwenye mwisho wa kona na mikono inafuata. Yakiganda kwenye ukuta, utakwenda ukutani. Pikipiki hufuata macho kuliko hata usukani.

Watu wengi wanadhani barabara hizi zilipindwa kwa ajili ya raha yetu. Stelvio ilikamilika mwaka 1825, chini ya mhandisi Carlo Donegani, kuiunganisha Lombardia na Tirol wakati zote zilikuwa mikononi mwa dola ya Austria. Kona zake ni za farasi. Farasi anayevuta gari hawezi kupanda ukuta, kwa hiyo barabara ikakunjwa mara nyingi ili mwinuko uwe mpole. Transfăgărășan ya Romania ilijengwa kati ya 1970 na 1974 kwa amri ya Nicolae Ceaușescu, mtawala wa nchi hiyo wakati huo, aliyetaka njia ya jeshi kuvuka milima baada ya majeshi ya Kisovieti kuivamia Chekoslovakia mwaka 1968. Askari walikufa wakiipasua miamba ile kwa baruti, na barabara inapita zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Kwangu mimi mahali kama hapo panadai heshima, na mtu anayepita pale kwa kelele akishindania dakika ananikera kweli kweli.

Barabara ninayoihusudu kwa jinsi ilivyowafikiria wanaoshuka ni Iroha-zaka, karibu na mji wa Nikko huko Japani. Kona zake ni 48 na kila moja imepewa herufi ya alfabeti ya zamani ya Kijapani, kwa mpangilio wa shairi la kale ambalo ndilo lililoipa jina. Lakini uzuri wake mkubwa ni kwamba ni barabara mbili. Ile ya zamani, yenye kona 28, ni ya kushuka tu. Ile mpya, yenye kona 20, ni ya kupanda tu. Hakuna basi litakalokutokea usoni. Natamani wenye barabara nyingine za milimani wangewaza hivyo, ingawa najua si kila mlima una nafasi ya barabara mbili.

Na sasa nije kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote. Kwenye mpaka wa Tennessee na North Carolina, Marekani, kuna kipande cha barabara namba 129 kinachoitwa Tail of the Dragon, yaani mkia wa joka. Kina kona 318 ndani ya maili 11, wastani wa kona moja kila mita 56 hivi. Kikomo cha mwendo ni maili 30 kwa saa, sawa na kilomita 48. Pale Deals Gap, kwenye barabara hiyo hiyo, upo mti uliotundikwa vipande vya pikipiki zilizoanguka: vioo, taa, plastiki za ubavuni, usukani uliopinda. Wanauita Mti wa Aibu. Naelewa kwamba wengine wanautazama na kucheka. Mimi nauona kila kipande pale kina mtu wake, na jina lile silipendi, kwa sababu aliyeanguka akaambiwa ni aibu hatasimulia alichokosea, na asiposimulia, anayemfuata hatajifunza kitu. Nimeandika habari ya diski yangu ya bluu kwa sababu hiyo hiyo.

Tena kuna wapiga picha. Kwenye barabara hizi zenye majina wanakaa konani na kamera, wanampiga kila anayepita, na jioni unaitafuta picha yako uinunue. Siwalaumu, wanatafuta riziki. Lakini nimewaona watu wazima wakiiona kamera na kulaza pikipiki zaidi ya walivyopanga, wakati huo huo macho yametoka barabarani kwenda kwenye lenzi. Kona yenye mpiga picha naipita polepole kuliko zote. Picha zangu zote za milimani zinaonyesha mtu aliyekaa wima karibu kabisa.

Nilirudi Stelvio miaka miwili baadaye, njia ile ile, kutoka Bormio hadi juu na kuteremkia Prato. Kileleni sikukaa sana. Nilitembea hadi ukingoni, pale unapoiona barabara yote imelala chini kama kamba iliyoangushwa, nikatazama magari yanayopanda na mahali changarawe ilipomwagikia lami. Nikarudi, nikaweka gia ya pili, nikaanza. Kona zinazojikunja kabisa nilizishukia na gia ya kwanza, klachi nimeiachia, breki naigusa kabla ya kugeuka na kuiacha. Hakuna aliyenipita kwa hasira, na hata angenipita nisingejali. Nilipokaribia ukuta ule wa mawe nilifungua kioo cha kofia, nikavuta pumzi. Nikasikia harufu ya misonobari, peke yake.