Miezi mitatu bila umeme Unguja, usiku mmoja bila kiyoyozi Muscat

Huku Muscat, Agosti ikielekea ukingoni, watu huanza kuitaja nyota ya Suheili. Wazee wa Kiomani husema ikishaonekana alfajiri upande wa kusini, kiasi cha tarehe 24, joto limeanza kuaga. Sisi wa pwani jina hilo tunalo: manahodha wetu upande wa kusini wakiuita suheli. Kila mwaka naingoja nyota hiyo kwa hamu, ingawa najua ni bishara tu. Afueni yenyewe haiji mpaka Oktoba.

Jamaa zangu huniuliza kwa simu, "Mtoto wa Unguja, joto gani la kukushinda wewe?" Swali la haki. Joto la kaskazi nimelelewa nalo, Januari na Februari, shati limeganda mgongoni tangu asubuhi. Lakini huku Julai hupita digrii 40 mchana, na usiku mwingi halishuki chini ya 30. Juni 2018 pale Quriyat, mji wa pwani usio mbali na hapa, saa 24 nzima halikushuka chini ya 42.6. Tena upepo ukitoka baharini, hewa inashiba maji. Jasho humpoza mtu pale linapokauka; hewa ikishajaa mvuke halikauki, linatiririka tu. Ukifungua mlango wa nje, miwani inaingia ukungu palepale. Matangi ya maji yako juu ya paa, kwa hiyo bomba la baridi ndilo linalounguza. Tangu Mei tunazima hita ya bafuni, na maji yaliyolala ndani yake, yaliyopozwa na hewa ya nyumbani, ndiyo tunayoogea.

Vibarua wa ujenzi wako nje katika hali hiyo. Juni hadi Agosti sheria inawapumzisha kuanzia saa 6:30 mchana mpaka saa 9:30 alasiri, na ni sheria njema. Mimi naona ingefika Septemba.

Julai ya mwaka juzi kiyoyozi chetu kilikufa kiasi cha saa nne usiku. Kufika saa sita ukuta ulikuwa wa moto ukiugusa kwa kiganja, na mwanangu shingo yote imetoka harara. Tulifungua madirisha; kikaingia kitu kama mvuke wa sufuria. Mwisho tuliteremka tukakaa ndani ya gari, injini inanguruma, mpaka adhana ya alfajiri. Ghorofa lote lilikuwa limefungwa kimya. Miaka sita naishi pale, na sikuwa na mlango hata mmoja wa kubisha hodi. Fundi wa mwenye nyumba alikuja siku ya tatu.

Ndani ya gari lile nilikumbuka Disemba 2009. Njia ya umeme utokao bara kwa kupita chini ya bahari iliharibika, Unguja ikakaa gizani mpaka Machi 2010, kaskazi nzima. Pampu zilisimama, tukachota maji visimani, samaki wakaharibika kwenye mafriji, wafanyabiashara wakafilisika. Sitaki kuipamba dhiki ile. Ila sikumbuki usiku hata mmoja tulioogopa kufa kwa joto. Nyumba ya bibi kule Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe, ilikuwa na kuta nene za mawe na chokaa, madirisha marefu ya mbao, na ua katikati. Ukifungua mbele na nyuma, upepo unapita kama mgeni anayeijua njia. Magharibi ikiingia tulitoa mikeka barazani. Bibi alijifunga kanga moja, ya pili akawapepea nayo watoto wa dada yangu, huku jirani analeta madafu na habari za mjini. Wengine waliteremka Forodhani kupunga upepo. Kaskazi tuliingoja ipite, lakini tuliingoja pamoja.

Ndiyo maana huniuma nikienda likizo nikaona tunavyojenga sasa. Vioo na alumini pande zote, baraza imezibwa kwa ukuta, mwembe umekatwa ili gari liingie, bati halina dari. Huku nyumba hufungwa kwa sababu upepo wa jangwani unababua, ni dharura. Kwetu kuna kusi kuanzia Aprili hadi Septemba, kuna kipupwe cha Julai cha kujifunika shuka. Nyumba ya kuufungia nje upepo huo tunaijenga kwa nini? Na siku umeme ukikatika tena, tutatoa mikeka wapi?

Mwezi uliopita ndugu yangu alinitumia ramani ya nyumba yake ya Fuoni. Upande wa kusini ukuta mtupu. Tulibishana kwa simu karibu saa nzima. Yeye anaogopa wezi na vumbi, na ana haki ya kuogopa. Mwisho tumekubaliana madirisha mawili ya mbao yenye nondo, na baraza ya mbele ibaki wazi. Pesa za seremala nimeshatuma.